Hesabu Kumi, Kisha Ita Tena

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki mtu anipambie. Nilikuwa hivyo kabla ya vita, na vita havikunipunguzia kitu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bukavu wanaonijua, wakisoma hapa, watasema, "Ahaa, leo amekubali mwenyewe." Ndiyo, nimekubali. Endeleeni kusoma.

Wakati wa vita vyetu vya pili nilikuwa na kazi ya phonie katika ofisi moja ya afya, juu ya kilima ambako antena yetu ilisikia kila upande. Simu za waya zilikuwa zimekufa zamani, posta ilibaki jengo na mlango, na barabara inayopitika leo kesho haipitiki. Kila kitu kilipita kwenye ile redio ya kusemea: dawa zimekwisha, mgonjwa anateremshwa kwa machela, fulani amefariki, askari wamelala darasani. Vituo vyetu vilikuwa sita. Frekansi ilikuwa moja.

Asiyewahi kushika phonie, nimweleze. Kuna kitufe. Ukikibonyeza unasema, lakini husikii kitu. Ukikiachia unasikia, lakini huwezi kusema. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, sauti zao zinaingiliana, na mimi niliyeko Bukavu sisikii ya huyu wala ya yule. Nasikia mluzi mkali wa kutoboa sikio. Ndiyo maana saa moja asubuhi na saa tisa alasiri niliwaita mmoja mmoja kwa zamu: sema wewe, haya nyamaza, sasa wewe. Nje ya saa hizo, mwenye jambo alitakiwa asikilize kwanza. Akisikia kimya, aite. Na kama wawili wamegongana, wote waachie kitufe, wahesabu mpaka kumi, kisha waite tena.

Hiyo kanuni ya kumi niliiweka mimi. Hakuna chef, mkuu wa kazi, aliyeiandika, hakuna mzungu aliyeileta kwenye mzigo. Nilichoka na watu wa kugonganagongana na kubishana hewani, "nilianza mimi," "hapana, mimi," nikasema sasa basi. Tuliwakusanya maopereta siku mbili, tukawapa kila mmoja saa ya mkono ya plastiki, zote za aina moja. Nikazipatanisha zote kwa mkono wangu, na kila asubuhi kwenye zamu ya saa moja nilizipatanisha tena hewani. Kisha nikawahesabisha kwa sauti kama watoto wa primaire, un, deux, trois, macho kwenye mshale, mpaka watu sita wakafika kumi kwa mdomo mmoja. Niliona raha. Katika nchi ambayo kila mtu alifanya lake, mimi nilikuwa na watu sita wanaohesabu sawa!

Aliyenisumbua alikuwa muzee mmoja wa Nyangezi, infirmier, yaani muuguzi mstaafu, aliyekubali phonie ikae sebuleni kwake. Huyo alihesabu kwa Mashi, lugha ya kwao, amefumba macho. Mtu akipita mlangoni, anakatiza hesabu amsalimie, amuulize mke, amuulize na mbuzi, ndipo arudi kwenye nne yake. Kumi yake leo inakuwa saba, kesho inakuwa ishirini.

"Papa," nilimwambia, "kumi ni kumi. Kumi haina mjomba."

"Maman, phonie itanikimbia wapi?" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimwandikia demande d'explication, ile barua ya kazini ya kumtaka mtu ajieleze, yenye muhuri, nikampa dereva ampelekee. Mzee wa umri wa baba yangu! Alinijibu kurasa mbili, kwa Kifaransa cha shule ya zamani na mwandiko mzuri, akaahidi kwamba haitatokea tena. Na haikutokea tena. Tangu siku ile alihesabu kwa saa, kumi kamili, na mimi nikamsifu hewani wote wasikie.

Sasa, kati ya Nyangezi na Luvungi kuna mlima. Nyangezi iko juu, Luvungi iko chini katika bonde la Ruzizi, na barabara inateremka kati yao kwa kona ambazo hata dereva mlevi anazipita na rozari mkononi. Vituo hivyo viwili vilinisikia mimi vizuri, na mimi niliwasikia, lakini wao kwa wao hawakusikiana kabisa. Nililijua hilo. Mara ngapi walinituma nipeleke salamu za mmoja kwa mwenzake! Kile ambacho sikuwahi kukifikiri, na nilikuwa najiona mwenye akili, ni kwamba kumwambia mtu asikilize kwanza hakusaidii kitu kama yule anayetakiwa kumsikia yuko nyuma ya mlima. Kila mmoja atasikia kimya. Kila mmoja ataona njia ni nyeupe.

Luvungi ilikuwa na desturi yake. Camion, yaani malori, za kupandisha muhogo, mchele na watu hazikuondoka kabla ya saa tatu. Madereva waliegesha karibu na phonie yetu, na saa tatu kamili opereta, msichana mmoja makini sana, aliniuliza hali ya barabara. Nikisema "ngojeni," wanazima injini na kwenda kunywa chai. Nikisema "nzuri," wanapanda. Na Bukavu ikinyamaza, walisema hakuna mabaya, na walipanda pia. Hiyo ya tatu waliizoea wenyewe. Niliisikia, nikaiacha.

Mama yangu alikuwa ameteremka Luvungi kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa. Alikwenda kwa siku nne, barabara ikafungwa, akakaa karibu mwezi. Nyumbani kwetu Muhumba, papa, baba yangu mzazi, alikuwa anakula ugali mbichi ninaoupika mimi na hasemi kitu, na kwa papa kutosema kitu ni kulalamika kwa sauti kubwa. Siku hiyo kwenye zamu ya saa moja, msichana wa Luvungi akaniambia:

"Maman yako iko hapa pembeni yangu. Ameshika mufuko ya muhogo sawa mutoto. Leo anapanda na camion."

Nikasikia kitufe kinabadilisha mkono. Halafu sauti ya mama: "Mutoto yangu, unakulaka? Hii sauti yako ni ya mutu halale."

Vituo vingine vitano vilikuwa vinasikiliza. Nilikuwa nimewakataza wote kusalimiana mambo ya nyumbani hewani, na nilikuwa nimemfokea mmoja wiki ile ile. Nikasema, "Maman, hii phonie ni ya kazi. Tutaongea ku nyumba. Barabara iko muzuri mpaka sasa. Terminé." Ndivyo nilivyoongea na mama yangu.

Ilipofika saa tatu kamili, phonie ikapiga mluzi.

Nikasema, "Mumegongana. Achieni. Hesabu kumi, muite tena." Nikatazama saa yangu. Kwenye kumi, mluzi. Nikasema tena, hesabuni. Kwenye kumi, mluzi. Mara ya nne nikadhani ni askari wameingia kwenye frekansi yetu, maana walikuwa na tabia hiyo. Lakini askari hawahesabu kumi. Nikajua ni watu wangu wawili, na nikajua kwamba mmoja wao anafanya kichwa kigumu. Mara ya sita hasira zikanipanda mpaka masikioni.

Nikabonyeza kitufe, nikawapa vidonge vyao. Niliwaambia kwamba hawana nidhamu, kwamba nimewafundisha siku mbili, nimewapa saa, nimewabembeleza, na bado wanasukumana kama watu kwenye bomba la maji. Niliwaambia kwamba mtu mzima anayeshindwa kuhesabu kumi asiguse chombo cha watu. Nilisema na mengine, siyaandiki. Sijui nilishika kile kitufe dakika ngapi, tano, labda zaidi. Na nimeshaeleza: ukikibonyeza, husikii kitu.

Nilipoachia, kulikuwa kimya. Nikaona nimewanyoosha. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mluzi wa pili kama ningekuwa na kichwa chenye baridi: nikamwita mmoja kwa jina la kituo, na wengine nikawaambia wanyamaze.

"Luvungi, wewe tu, sema."

"Maman, nilikuwa nakuita juu ya barabara. Chauffeur alikuwa hapa, akasikia ile makelele yako, akasema Bukavu iko na matata yao, habari ya barabara hakuna, bon, tuende. Camion imeshaenda. Maman yako iko mbele, pembeni ya chauffeur."

"Nyangezi, sema."

Muzee hakunisalimia, yeye aliyesalimia hata mbuzi. "Tangu saa tatu niko nakuita! Batu banafika hapa mbio, bametoka ku muteremuko. Kuko batu na bunduki, bamekata barabara. Zuia camion za Luvungi! Zuia, maman!"

Nilimwita msichana wa Luvungi, akamtoa mtu mbio na kinga, yaani baiskeli, awafukuzie. Huyo mtu alipiga pedali mpaka mnyororo ukakatika, akarudi kwa miguu akiisukuma kinga. Camion ilikuwa mbele zaidi. Mimi nilikaa pale na kipaza sauti mkononi, na hakuna kituo hata kimoja kilichothubutu kuita. Frekansi nzima ilikuwa yangu.

Walimleta mama siku ya tatu. Dereva naye alikufa, na abiria wengine wawili. Muhogo ulichukuliwa. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu papa bado yuko hai na anasoma.

Usiku wa kwanza wa matanga sikulia, na shangazi zangu walisema ni mshtuko. Haukuwa mshtuko. Nilikuwa nafanya hesabu. Nilikuwa nimemuuliza msichana wa Luvungi swali moja tu: ulihesabu? Akaniapia kwa Bikira Maria, "Kumi, kila mara, na saa mukononi. Vile ulitufundisha." Na muzee wa Nyangezi nilimjua, tangu ile barua hakuwahi kukosea tena. Basi kama wote wawili walianza saa tatu kamili, kwa saa nilizozipatanisha mimi, na wote wakahesabu kumi ile ile, na mlima unawazuia kusikiana, wangegongana mpaka jua lizame. Hakuna aliyefanya kichwa kigumu. Walinitii. Kama muzee angefumba macho na kuhesabu kwa Mashi yake, akamsalimia mpita njia mmoja tu, mmoja wao angetangulia na mama yangu angekunywa chai Luvungi. Mungu wangu, barua ile ilikuwa na muhuri!

Siku ya mwisho ya matanga muzee akaja. Alitembea kutoka Nyangezi, kuku kwapani na maharage begani. Uwanja wetu ulijaa viti vya kukodi na watu wa parokia. Alimsalimia papa, halafu akasimama mbele ya wote, akavua kofia.

"Munisamehe," akasema. "Ile siku nilikuwa naona batu banakimbia, hata saa nilikuwa naiangalia mbio mbio. Sijue kama nilihesabu muzuri. Naona ni mimi nilikatia Luvungi njia. Ni mimi."

Watu wakageuka kunitazama. Papa naye akanitazama. Nilikuwa nimeshajua yote, nimeyajua siku nne nzima, na maneno yalikuwa mdomoni. Kulikuwa na mama zangu wadogo pale, na chef wangu, na padri. Nikafikiri wakijua watanitazama hivi hivi mpaka nife. Nikainuka, nikamshika muzee mikono yote miwili.

"Nimekusamehe, papa."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wengine walilia, wakasema nina moyo. Wiki iliyofuata alirudisha phonie kwa dereva wetu, imefungwa katika shuka safi, pamoja na ile saa ya plastiki. Hakutaka tena kuigusa, na Nyangezi ikabaki bila kituo.

Mimi niliendelea na kazi. Kanuni ya kumi niliifuta kimyakimya. Nikawaambia wakigongana wangoje niwaite mmoja mmoja. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hasira zangu zilibaki, ila sasa nilizitoa kwa madereva na wachuuzi wa makaa.

Miaka miwili ikapita, vita bado viko, na ofisi ikapata ordinateur nne, yaani kompyuta. Fundi akatoka Goma kuziunganisha. Alipitisha waya mmoja mweusi nyuma ya meza zote, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ile ya kutafuta kosa, zitapitaje nne kwenye waya mmoja bila kugongana.

"Zinagonganaka, maman," akasema bila wasiwasi. "Kila machine inasikilizaka kwanza. Ikisikia waya iko kimya, inatuma. Mbili zikituma pamoja, zinajua zimegongana, zinaacha. Kisha kila moja inapiga kura yake yenyewe, ingoje muda gani. Moja inapata kidogo, nyingine inapata mingi. Ya kidogo inapita. Zikigongana tena, zinapiga kura tena, na muda wa kuchagua unaongezwa."

"Na kwa nini zisingoje sawa?" nilimuuliza. "Kwa nidhamu."

Alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alicheka tu. "Zikingoja sawa, maman, zitagongana mpaka kesho! Mwenye kutengeneza hii kitu hawezi kuwa mjinga vile."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na pipa la maji, nikalia kilio ambacho shangazi zangu walikingoja miaka miwili. Nilimlilia mama, lakini niseme kweli, nililia pia kwa aibu. Kitu nilichokificha kama siri yangu ya kutisha, huko kwingine ni somo la kwanza la mafundi, na wanalifundisha wakicheka.

Jumamosi nikapanda gari la Nyangezi. Nilimkuta muzee uani kwake, anapukuchua maharage pamoja na mke wake. Alikuwa amezeeka kuliko ile miaka miwili. Alifurahi kuniona, akanipa kiti chake, akaniita mutoto mwenye moyo. Nikamwambia asiniite hivyo kabla hajanisikiliza. Nikamweleza yote: mlima, saa, kumi, kitufe nilichokishika nikiwagombeza. Nikamwambia kwamba alihesabu vizuri sana siku ile.

Aliendelea kupukuchua mpaka ganda la mkononi likaisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku zile zile, papa."

"Siku ya matanga ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanisamehe."

"Nikakusamehe."

Mke wake akaacha kazi, akaniangalia. Muzee alisema polepole, hakupandisha sauti, na mimi ningependa angepiga kelele. "Mimi nilienda kwa padri, nikaungama kuua. Kila mwaka naombesha misa ya maman yako. Batoto yangu banajua baba yao alikata batu njia, bakafa. Hapa kijijini, mutu akikosea hesabu ku soko, banamuambia, wewe uko sawa ule muzee wa phonie. Nami nilikuwa nanyamaza, kwa sababu ulinisamehea mbele ya batu. Nilikuwa nasema, huyu mutoto iko na moyo."

Nikasema nisamehe, papa. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya maharage.

"Inuka," akasema. "Ile ya kusamehe ingoje kwanza." Akamwita mwanawe mkubwa kutoka shambani, akamtuma mke wake kwa majirani. Wakaja wanane, halafu kumi na mbili, wengine na jembe mkononi, wakadhani kuna msiba. Muzee akaweka kiti chake katikati ya uwanja, akanielekeza nisimame pembeni yake.

"Sema," akaniambia. "Na nguvu, sawa ile siku ulikuwa unatugombeza."

Nikasema yote tangu mwanzo. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na hakuna aliyenipa maji. Nilipomaliza, mama mmoja alisonya. Muzee akatazama barabarani, akaona jirani mwingine anapanda polepole na fimbo.

"Ule hajasikia," akasema. "Anza tena."

Nikangoja mpaka yule jirani akafika na kupata mahali pa kukaa, kisha nikaanza tena.